Mume Asiyesadikika

Kwenye ukurasa wa pili wa Mswada wa Saba, mhadhiri alikutana na yeye mwenyewe.

Mume wa kwenye hadithi alikuwa sebuleni, miwani juu ya paji la uso, akiihangaisha nyumba nzima imtafutie miwani. Chai aliiacha mpaka ikapoa, kisha akalalamika kuwa imepoa. Kurasa zilizofuata zilikuwa za namna hiyo hiyo, na mke aliyesimulia alikuwa na ulimi mkali hasa.

Mhadhiri alishusha pumzi. Sasa alielewa kwa nini siku hizi mkewe alikuwa akichapa jikoni, na kwa nini alikuwa akifunga kompyuta kila aliposikia nyayo zake.

Tuzo ya taifa ya fasihi ilikuwa na taratibu zake. Miswada ilikuja kwa namba, bila majina. Majaji nao hawakutajwa hadi siku ya hafla. Hata mke wa mhadhiri aliambiwa kwamba vikao vya ujaji ni semina. Tena jaji akijua kwamba kazi ni ya mtu wa nyumbani kwake, alitakiwa ajitoe. Mhadhiri aliisoma kanuni hiyo upya, akaridhika. Ilisema akijua. Haikusema akidhani.

Iliuma, tusifichane. Alinuna wiki nzima, na mkewe alipouliza, alisingizia shinikizo la damu. Kisha moyo ukalainika. Mwanamke huyu aliandika miaka yote kati ya kuosha vyombo na kupiga pasi, wala hakuwahi kuona ukurasa wake hata mmoja ukichapishwa. Kazi ya mshindi ingechapishwa kuwa kitabu. Mhadhiri akaamua kumpigania, hata kama nchi nzima ingemcheka mume. Alijiona muungwana kwelikweli.

Kikao cha mwisho kilibaki na miswada miwili. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aliupenda Mswada wa Tatu. Jaji mwingine, mhariri wa gazeti, alikuwa tayari kuegemea upande wowote mradi wawahi chakula cha mchana. Mswada huo wa Tatu ulimhusu mume mkimya. Aliponyamaza, mkewe alijua anasikilizwa. Alipovua viatu mlangoni na kunyata, mkewe alijua anahurumiwa usingizi wake. Mwenyekiti alikiri kwamba alilia.

"Mwalimu, kwa heshima zote," mhadhiri alisema, "mume akinyamaza hasikilizi. Mawazo yake yako kwingine kabisa. Huyu si mume, ni malaika aliyevaa kandambili. Aliyeandika haya hajawahi kukaa nyumba moja na mwanamume."

Mhariri alicheka mpaka akapaliwa na maji, na kicheko hicho ndicho kilichoamua. Mwenyekiti alikubali yaishe. Alimwomba mhadhiri, kwa kuwa ana kalamu nzuri, awaandikie walioshindwa maoni ya majaji. Mhadhiri aliyaandika pale pale, bila kumwonea mtu haya.

Katibu alisema angefungua bahasha za majina na kuwatumia washiriki wote ujumbe alasiri hiyo. Mhadhiri akapitia dukani kununua keki. Njia nzima alijizoeza uso wa mtu aliyepigwa na butwaa.

Alimkuta mkewe jikoni, simu mkononi, macho mekundu. Mhadhiri alidhani ni furaha. Akaivaa ile sura ya mshangao, akauliza kulikoni.

Mkewe alisema alikuwa na siri, ila sasa haikuwa na maana kuificha. Alikuwa ameshiriki ile tuzo ya taifa, na ameshindwa.

"Haiwezekani," mhadhiri alisema, na safari hii mshangao haukuhitaji mazoezi. "Kwani uliandika nini?"

"Nilikuandika wewe, Baba Watoto." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Jaji mmoja anasema mume anayemsikiliza mkewe hajazaliwa bado. Nilitaka kumjibu. Halafu nikawaza, mtu mwenye elimu yake kama yule, pengine anamjua mume wangu kuliko mimi."