Daftari la Mama Clotilde

Clotilde alimnyang'anya mwanawe simu kabla hajabonyeza.

"Hiyo adresi ya tovuti ulitoa wapi?"

"Ni rafiki yangu Samy alinitumia, mama. Saa sita banafunga."

Kampuni ya shaba ilikuwa inatafuta madereva, na Guy, mwanawe, alikuwa katika mwaka wa pili bila kazi. Clotilde aliitaka kazi hiyo kuliko Guy mwenyewe. Ndiyo maana alikuwa mkali. Gertrude, jirani yao hapo Kikula, aliwahi kutuma kadi yake ya mpiga kura kwenye tovuti iliyofanana na ya benki kama pacha. Sasa kuna laini za simu zinazotumika kwa jina lake na yeye hazijui.

Tangu siku hiyo Clotilde hakuamini kitu kinachokuja kwa simu. Aliamini karatasi. Alikuwa na daftari la adresi alizonakili kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kwenye mbao za matangazo, langoni kwa kampuni zenyewe. Mtaa mzima ulikuja kwake kuhakikisha kabla ya kutuma kitu, na yeye, tuseme ukweli, alilipenda jambo hilo.

Alifungua daftari. Adresi ya Samy ilikuwa tofauti.

"Unaona? Hii njo ya kweli. Niliandika kule ku mulango ya kampuni, Jumapili, nikitoka ku misa."

Guy alihema, akatii. Alijaza fomu, akapiga picha kadi yake na leseni, akatuma. Jibu likaja papo hapo: asante.

Clotilde hakutulia hata hivyo. Je, wale wengine waliotumiwa ile ya Samy? Alijifunga kitenge, akachukua simu ya Guy na kupanda pikipiki hadi kwenye kampuni. Alipofika, king'ora cha saa sita kilikuwa kimeshalia.

Mlinzi wa langoni, Barthélemy, alimwita karani wa ajira. Karani alitazama ile adresi ya Samy.

"Lakini hii njo yetu, mama."

Clotilde alinyoosha kidole kwenye ubao wa matangazo. "Na ile pale?"

Karani aliisoma karatasi mara mbili, kisha akamgeukia mlinzi. "Nani alibandika hii?"

"Kijana mumoja, mukubwa. Miye nilikatala. Njo akasema anatumwa na Mama Clotilde wa Kikula, ule wa daftari. Ule mama simujue, lakini bantu bote banamuaminia. Nikaacha abandike."