Kanga Juu ya Mashine

Mashine ilionyesha kuwa presha ya macho imekula mshipa wa jicho la Bi Mwanaidi tangu mwaka jana. Daktari akataja kisu.

"Mama, uliikazia macho ile taa ya kijani?" aliuliza Shebwana, mpiga picha wa macho, aliyemuoa binti wa Bi Mwanaidi majuzi.

"Niikazie macho na wewe umekaa nyuma yake? Mkwe hatazamwi usoni!"

Shebwana akaazima kanga ya begani ya mama mkwe, akajifunika gubigubi pamoja na skrini. Akapiga picha. Akarudia. Zikalingana.

"Mama, mshipa mzima! Kama wa mwaka jana! Picha ya kwanza iliharibika kwa kuwa ulitazama pembeni!" sauti ikatoka ndani ya kanga.

Bi Mwanaidi, kidevu bado kwenye mashine, akapiga kigelegele.

Ile kanga ikaanza kucheza.