Kofia ya Baba Siwema

Tangu miguu ya Bi Mwatime ipooze, mumewe, Baba Siwema, alikuwa akienda kila alasiri kwenye bustani ya kutazamia treni na kuketi mbele ya kamera iliyorusha picha mtandaoni moja kwa moja, ili mkewe amwone kwenye kompyuta kitandani. Treni ikipita, alimpungia dereva kofia, na dereva akamjibu kwa honi.

Leo dereva ndiye aliyeanza kupiga honi. Kichwa cha Baba Siwema kilikuwa kimeangukia kifuani, na upepo wa treni ukaipeperusha kofia.

“Baba Siwema, amka basi,” alisema Bi Mwatime kitandani, akimpigia simu. Simu ya mzee ikaita mezani, humo humo chumbani.

Kwenye kompyuta, mwanamke mmoja pale bustanini aliiokota kofia, akamwekea mzee magotini taratibu, kisha akawaashiria wenzake wanyamaze, wasimwamshe.