Mwaka wa Hati ya Ngozi

Profesa Kleanthis, aliyeandika vitabu sita juu ya wafalme wa kale wa Kupro, alikabidhiwa hati ya kale ya ngozi mbele ya wenzake katika maktaba ya Nikosia, aitaje mwaka wake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu Pasaka, na hakumwambia mtu.

“Haya, mzee wetu, tutoe wasiwasi,” mmoja akamhimiza. “Iliandikwa kabla mji wa Akka haujaanguka mikononi mwa Waislamu, au baada?”

Akapapasa ngozi kwa kidole gumba. Wino ulikuwa umekauka juu ya vinyweleo vya kondoo, na yeye hakuona hata herufi moja.

“Kabla,” akasema. “Mwaka mmoja kabla.”

Wote wakainamia madaftari, wakaandika.

Mama mtunza maktaba akamsogelea sikioni. “Kaka Kleanthis,” akanong’ona, “umeishika kichwa chini, miguu juu.”