Mtu wa Mguu Mmoja

Mtu wa nne kwenye mchoro hakuwa na uso, na alikuwa na mguu mmoja.

"Huyu baba, huyu mama, huyu mimi," msichana alisema, kidole kikitembea juu ya karatasi. "Na huyu ndiye anayekuja."

"Anaingia ndani?"

"Hapana. Anasimama ng'ambo ya barabara, chini ya taa. Nikichungulia dirishani, yupo. Nikimwita mama aje aone, hayupo."

"Na uso wake je?"

"Taa iko nyuma yake. Weusi tu."

Mwanasaikolojia wa shule alivuta miguu yake chini ya kiti, akaandika neno moja, akalikata.

Watoto walimwita Mama Michoro, maana kila aliyeingia kwake alipewa kalamu za rangi kwanza, maswali baadaye. Umama wenyewe ulikuwa wa jina tu. Hakuna aliyewahi kumwona na mtoto. Chumba chake kilikuwa stoo ya mipira zamani, na bado kilinuka mpira na vumbi. Huko ndiko walimu walikomletea kila mtoto aliyewashinda. "Mtengeneze huyu kabla ya mtihani," walimwambia, kana kwamba amefungua gereji. Naye alicheka, kisha akaenda zake uwanjani kumtazama mtoto akicheza, akamwekea vipande vya mbao avipange, akaita wazazi, akasikiliza. Mara nyingi aligundua kwamba mtoto haoni ubao, au anakuja na njaa, au nyumbani kwao hakuna anayelala.

Mwalimu mkuu hakuisha kushangaa. "Umesoma miaka yote ile, umewapita wenzako wote, hospitali kubwa zinakugombania, wewe unaniomba stoo yangu ya mipira!"

"Napenda mipira," alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Msichana huyu aliletwa kwa kusinzia darasani. Usiku halali, na akilala analowesha kitanda. Lakini ulimi wake ulikuwa macho.

"Kitendawili!" alisema ghafla.

"Tega."

"Nyumba niliyokaa bure, nilipotoka, sikurudi."

Mama Michoro hakuwahi kushindwa na mtoto yeyote pale shuleni. Alitazama mchoro. Alitazama mlango.

"Sijui."

"Eh! Umeshindwa? Nipe mji!"

"Chukua huu huu tunaokaa."

"Wote?"

"Na barabara zake zote. Haya, nenda kamwite mama."

Mama mtu aliingia akiwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. Alipouona mchoro mezani aliugeuza chini juu, asiuone.

"Dada, nikwambie jambo ambalo mtoto halijui. Huyu si wa tumbo langu. Tulimpokea kitovu hakijakauka. Babu yake ndiye aliyemleta, mzee mmoja mkali kweli, akasema binti yake amekufa kwa uzazi. Tukamwonea huruma, tukamchukua. Sasa niambie, huyu wa mguu mmoja ni nani, kama si yule marehemu? Amekuja kumchukua mwanawe."

"Unaamini hivyo, mama?"

"Mimi? Mtu mzima? Siamini. Lakini nalala na taa. Mume wangu ananicheka, na yeye mwenyewe siku hizi haendi kufunga geti peke yake. Jumamosi tunahama. Tunakwenda kwa shangazi yake, mbali. Shule huko tumeshampatia."

Kutoka barazani ilisikika sauti ya msichana akijiimbia kitu. Mama mtu akageuka, akatabasamu bila kutaka.

"Muone. Baba yake anamwita Korongo kwa vile anavyosimama. Mguu mmoja chini, mwingine kaukunja nyuma. Sijui kajifunzia wapi, kwetu hakuna anayesimama hivyo."

Mama Michoro hakugeuka kutazama.

"Anasemaje kuhusu kuhama?"

"Analia. Eti huko nani atamjibu vitendawili."

Chuoni, mwalimu wao wa mafunzo alikuwa amewakariria jambo moja mpaka likawaingia mifupani: mzazi anayeogopa umsikilize, umwelekeze, lakini usimwahidi lisilo katika uwezo wako. Mama Michoro hakuwa amelivunja hata mara moja. Aliukunja mchoro, akaukunja tena, mpaka ukaenea kwenye kiganja.

"Msihame, mama. Hatakuja tena."

"Utajuaje?"

"Nakuahidi."

"Dada, hii si homa, useme atameza dawa itashuka."

"Akionekana hata mara moja, hameni siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nitakuja kuwafungia mizigo."

Mama mtu alimkazia macho kwa muda mrefu. Kisha mabega yakamshuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Ila mtoto mwacheni aendelee kuja hapa," Mama Michoro alisema, sauti imepungua. "Mchana."

"Hata kila siku, dada! Anavyokupenda, mpaka naona wivu." Walicheka wote wawili, mmoja kwa nguvu kuliko mwenzake.

Msichana alichungulia mlangoni. "Mama Michoro! Jibu ni tumbo la mama. Rahisi hivyo! Umeshindwaje?"

"Nazeeka, mwanangu."

Walipotoka, alikwenda dirishani. Aliwatazama wakivuka uwanja wameshikana mikono. Langoni mama mtu alisimama kuongea na mlinzi, na msichana, akimngoja, akaukunja mguu mmoja nyuma, akageuka, akapunga mkono.

Mama Michoro naye akapunga. Kisha, polepole, akaushusha sakafuni mguu wake aliokuwa ameukunja nyuma.