Chura Amkaribisha Waziri Maji

Bisha ukitaka, lakini Chura aliwahi kumtoa waziri mzima jasho. Kiwanda cha sufuria zisizoshika ukoko kilimwaga bwawani dawa isiyooza, na viluwiluwi wa Chura wakawa wanakufa. Waziri Ngiri akaja, akatangaza, "Maji salama! Bwawa hili la serikali, hofu ya nini?"

Chura akamletea kibuyu cha maji. "Karibu, Mheshimiwa."

Ngiri akarudi nyuma. "Mwenyeji ndiye huonja kwanza, kutoa sumu!"

"Si umesema bwawa lenu? Basi mwenyeji wewe. Onja, baba!"

Umati ukaangua kicheko. Ngiri akakikodolea kibuyu macho, akaamuru kiwanda kifungwe na viluwiluwi wachimbiwe bwawa jipya mbali.

Haya, kuna kipande nimekiruka: kibuyuni mlikuwa na maji ya mvua, matamu kweli.