Ndege Juu ya Meza

"Usipumue, Baba. Ukipumua unapeperusha uwanja wa ndege."

Mara Tatu akabana pumzi. Uwanja wenyewe ulikuwa saruji iliyochujwa kwa soksi kuukuu, ikamwagwa juu ya meza ya kulia chakula, na meza ikabebwa hadi uani. Katikati ilisimama ndege ya bati na mbao, urefu wake kama mkono wa mtu. Binti yake aligeuza simu kichwa chini, jicho la kamera likakaribia kugusa saruji, akapiga.

"Siri ni kushuka," alisema. "Ukiipiga kutoka juu, ni kitu cha kuchezea watoto. Ukishuka usawa wa macho ya mtu mdogo anayelingana nayo, inakuwa ndege."

Akamwonyesha. Mara Tatu alicheka peke yake kama mwehu. Ndege aliyoiunganisha kwa gundi ilikuwa imeegeshwa kwenye lami, jua la alasiri ubavuni, inasubiri abiria.

"Ningeipata ile ya kwanza, ningetundika picha yake sebuleni siku utakayorudi kazini," binti alisema.

"Ile ya mjomba wako? Wanawe waliivunja zamani."

Ile ya kwanza aliitengeneza akiwa bado fundi wa ndege, mfano wa ndege ileile aliyoihudumia kila siku. Alimpa shemeji yake, kaka wa mkewe, siku shemeji huyo alipooa. Kila kinachofunguka kwenye ndege ya kweli kilifunguka. Alikosea jambo moja tu: ngazi ya mlangoni. Ya kweli ina vidato vinne. Yeye njiti zilimwishia kwenye cha tatu, na huko nje watu wanampigia kelele kwamba bwana harusi anaondoka. Shemeji aliicheka ile ngazi hadi machozi. "Shem, abiria wako watashuka kwa kuruka!"

Walikuwa karakana moja wakati huo. Mara Tatu zamu ya mchana, shemeji ya jioni.

Miaka tisa iliyopita ndege ile ya kweli ilirudi uwanjani dakika kumi tu baada ya kupaa, mafuta yakimwagika kutoka bawani. Mfuniko wa tangi haukuwa umefungwa. Hakufa mtu, lakini mwenye kosa alitakiwa. Mara Tatu aliapa kwamba aliufunga kabla ya kukabidhi zamu. Ndipo ikatolewa picha: ndege imeegeshwa, jua la alasiri, mfuniko wazi. Shemeji, mpenzi wa kamera, alisema aliipiga kabla hajapokea zamu.

Aliitoa huku analia. "Nisamehe, shem. Wameniuliza, na mimi uongo siuwezi."

Mara Tatu aliitupia jicho mara moja, akauona mfuniko, akainamisha kichwa. Kisha, mtu mwenyewe ndivyo alivyo, akamfariji shemeji yake. Cheti chake cha ufundi kikachukuliwa.

Kukosa kazi kulimuuma, lakini kulikuwa na lililomuuma zaidi. Alikumbuka waziwazi akiukaza mfuniko ule, hata baridi ya chuma aliikumbuka vidoleni. Basi mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomsaliti, na tangu siku hiyo hakuiamini tena. Jiko la gesi, kufuli, bomba la maji: kila kitu alikikagua mara tatu, mpaka majirani wakampa jina. Alitabasamu walipomwita, lakini lilimchoma.

Sasa angerudishiwa cheti, ilimradi atie saini barua ya kukiri kosa lake. Shemeji, siku hizi mkuu wa karakana, ndiye aliyempigania, tena akamwandikia na barua. Asubuhi tarishi alileta bahasha yenye barua hiyo na jalada zima la kesi. Haikupita saa, shemeji akapiga simu.

"Shem, usijitie uchungu kusoma mambo ya zamani. Tia saini ukurasa wa mwisho, basi. Saa kumi napita kuichukua."

Mtu mwenye roho nzuri kama ile, Mara Tatu alijiambia, humpati popote. Kalamu ilikuwa mfukoni tangu asubuhi. Aliketi kibarazani, akafungua bahasha, akapekua kuutafuta ukurasa wa mwisho. Picha ikadondoka.

Binti aliiokota. Hakuwahi kuiona. Aliitazama kama mpishi anavyoonja chungu cha mwenzake.

"Huyu anajua," alisema. "Ameshuka mpaka chini kabisa. Mjomba alilala kifudifudi kwenye lami?"

"Mjomba wako?" Mara Tatu aliangua kicheko. "Yule hata kuinama chini ya ndege alikuwa anatandika kwanza gazeti!"

Kicheko kikakatika. Alinyoosha mkono, akaichukua picha. Akachukua na kioo cha kukuzia, kile anachotumia kuunganisha ndege zake. Kwa miaka tisa hakuwa ameitazama picha ile, na ile mara moja alitazama mfuniko tu. Sasa aliupita mfuniko, akalifuata bawa taratibu hadi mlangoni.

Gari lilisimama nje.

"Hodi, Mara Tatu!" shemeji aliita getini kwa bashasha. "Umeshatia saini?"

Jicho la Mara Tatu lilibaki kwenye kioo. Alikuwa anahesabu, na kwa mazoea yake alihesabu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Ngazi ya mlangoni ilikuwa na vidato vitatu.